Setilaiti ya Qatar yawapunguzia gharama wanaredio wa ridhaa

WANAREDIO wa ridhaa wa Afrika Mashariki wanaweza kuzungumza na wenzao wa Brazil, Ulaya na India bila kulipia dakika, kwa kutumia dishi la kawaida la televisheni lililoelekezwa kwenye setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar.

Setilaiti hiyo ilirushwa Novemba 15, 2018 kutoka Florida, Marekani. Kazi yake kubwa ni matangazo ya televisheni, lakini ilibeba pia mtambo wa kupokea na kurudisha mawimbi ya wanaridhaa, uitwao QO-100, uliozinduliwa rasmi Februari 14, 2019. Ndio wa kwanza wa aina yake kuwekwa kilometa zipatazo 36,000 juu ya ikweta.

Kimo hicho ndicho kilicholeta unafuu. Setilaiti nyingi za wanaridhaa huzunguka karibu na dunia, hivyo hupita angani kwa dakika chache na kutokomea. Hii huenda sambamba na dunia, nayo huonekana mahali pale pale usiku na mchana. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, karibu utosini. Dishi likishafungwa halihitaji kuzungushwa.

Kwa msikilizaji, LNB ya kawaida na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta vinatosha, kipokezi hicho kikiuzwa kwa makumi machache ya dola. Kurusha sauti ndiko kunakogharimu zaidi: huhitaji mtambo wa gigahezi 2.4 wenye wati chache, pamoja na leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na TCRA.

Wati nyingi si sifa hapa. Anayezidisha nguvu huwabana wenzake, na mtambo wa uangalizi humwekea king'ora juu ya sauti yake mpaka apunguze.