Je, Wajua? Sahihi za Wafungwa wa Robben Island

Wakusanyaji wa vitabu huthamini zaidi nakala ambayo kiongozi ameitia sahihi kwa ajili ya rafiki kuliko ile aliyoisaini kwa haraka mbele ya foleni ya wanunuzi. Nakala mashuhuri ya aina hiyo ilitoka katika gereza la Robben Island, Afrika Kusini.

Sonny Venkatrathnam, mfungwa wa kisiasa wa Afrika Kusini, alikuwa na kitabu chenye kazi zote za William Shakespeare. Ili askari jela wasikichukue, alibandika kwenye jalada lake kadi za Diwali zenye picha za miungu ya Kihindu na kuwaambia ni kitabu chake cha dini. Wakakiacha!

Kabla ya kuachiwa huru, alikizungusha kwa wenzake, kila mmoja achague mistari aipendayo na kutia sahihi pembeni. Zaidi ya 30 walifanya hivyo. Nelson Mandela alichagua maneno ya Kaizari kuhusu waoga na kifo, akaandika tarehe: 16 Desemba 1977. Walter Sisulu alichagua maneno ya Shailoki, Myahudi aliyezoea kuvumilia matusi, na ni vigumu kuusoma uchaguzi huo bila kuguswa.

Maneno hayo yanatoka katika tamthilia mbili za Shakespeare ambazo Mwalimu Nyerere alizitafsiri kwa Kiswahili: *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*.

Mwaka 2012 kitabu hicho kilioneshwa katika British Museum, London, kikiwa bado na kadi zake.