Mama ameandikiwa barua kazini: afanye nini?

Wamama wenzetu, wiki hii tunaongea juu ya karatasi moja ambayo imeingia katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na kila mara inaingia kimya kimya, imekunjwa ndani ya sakoshi. Juu yake wameandika kwa Kifaransa « demande d'explication ». Maana yake, mkubwa wa kazi anataka umweleze kwa maandishi juu ya kosa analosema umelifanya, na mara nyingi anakupa saa 24 au 48 tu. Mama anaisoma mara moja, tumbo linakata, na usiku ule hakuna anayelala humo nyumbani.

Tunaandika habari hii juu ya mwenzetu mmoja wa shirika. Hatutaji jina lake wala jina la kampani alikotumika, maana yeye mwenyewe ametuomba hivyo. Lakini ametuambia tuwaeleze wengine yote aliyopitia. Alikuwa anaangalia depo ya vyakula, miaka 6 kamili. Siku moja wakahesabu stoki wakakuta bido 11 za mafuta ya kupikia hazipo. Depo ile ilikuwa na funguo mbili, moja kwake na moja kwa mlinzi wa usiku. Barua ikaandikwa kwake peke yake.

Jioni ile alipata mashauri matatu. Bwana yake akasema: « Acha hiyo kazi, usirudi tena kule, wasije wakakufunga. » Jirani akasema: « Andika samahani, watakuhurumia, wewe ni mama wa watoto. » Na mtu mmoja wa biro akampigia simu usiku: « Andika mwenyewe barua ya kuacha kazi, tutakulipa vizuri, na jina lako halitachafuka. » Wawili wa kwanza walimpenda kweli. Wa tatu, tusiseme sana. Lakini mashauri yote matatu yangemwangusha.

Kutokurudi kazini ni kuwapa kosa la pili, na hilo ni rahisi kulihakikisha kuliko lile la bido: wanafungua tu kitabu cha mahudhurio. Barua ya kuacha kazi nayo, « démission », inageuza mambo yote. Sasa ni wewe uliyeondoka, hakuna aliyekufukuza, na haki nyingi ambazo sheria inampa aliyefukuzwa bure zinabaki mlangoni. Na samahani ndiyo hatari kuliko zote, maana kwetu samahani ni adabu. Mama anaomba samahani hata kwa jambo ambalo hakulifanya, ili amani irudi nyumbani. Ndani ya faili ya kampani neno hilo linasomwa vingine: amekubali kwamba aliiba.

Basi tukaketi naye. Tulikuwa wamama watano kuzunguka meza, na binti yake aliye katika mwaka wa sita wa sekondari ndiye aliyeandika kwa Kifaransa kile mama alichosema kwa Kiswahili. Wengine kati yetu hawakupenda mtoto ajue kwamba mama yake anashtakiwa wizi. Tuliamua kwamba ni afadhali aisikie kwa mama kuliko kuisikia kwenye bomba la maji.

Mwanzoni barua ilikuwa ya machozi: Mungu anajua, nimeteseka kwa kampani hii, fulani ananichukia. Mungu anajua, ni kweli, lakini mkubwa wa wafanyakazi anataka tarehe na saa. Tukafuta, tukaanza tena. Mara ya mwisho stoki ilihesabiwa siku gani, na nani alitia sahihi? Siku ile ya mwisho alifunga depo saa ngapi? Nani mwingine ana ufunguo? Akakumbuka kwamba miezi mitatu kabla alimwandikia mkubwa wake kwa simu kwamba kufuli ya nyuma inafunguka hata bila ufunguo, na ujumbe ule ulikuwa bado ndani ya simu. Ujumbe mmoja ule ulikuwa na nguvu kuliko machozi yote ya barua ya kwanza. Mwishoni akaomba aonyeshwe karatasi za kuhesabu stoki. Ukurasa mmoja na nusu, bila tusi, bila kumshtaki mlinzi, maana hakuwa amemwona akiiba.

Barua hiyo itolewe nakala mbili. Moja inabaki kwao, ya pili inarudi nyumbani ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Wakikataa kutia sahihi, rudi na shahidi. Vilevile wao wakikupa barua, kutia sahihi kwamba umeipokea si kukubali kilichomo. Andika tu « reçu », tarehe na saa, halafu jina lako.

Sheria inasema nini? Sheria ya Kazi ya nchi yetu, « Code du travail », ni namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Mwajiri akitaka kumfukuza mtu juu ya mwenendo wake au uwezo wake kazini, kwanza ampe nafasi ya kujitetea. Hilo si wema wa bosi. Kongo ilitia sahihi juu yake hata zamani zaidi, ilipokubali mwaka 1987 mkataba namba 158 wa Shirika la Kimataifa la Kazi.

Mwenzetu aliitwa kusikilizwa. Wanaume watatu nyuma ya meza, na kiti kimoja mbele yao. Aliomba delege wa sendika akae kando yake, nao wakakubali. Maswali yalikuwa ya haraka na ya Kifaransa cha biro. Alifanya jambo ambalo tulikuwa tumelizungumza: kila swali ambalo hakulielewa aliomba lirudiwe polepole, hata mara mbili, wala hakuona haya. Mwishoni wakamsukumia karatasi ya mazungumzo atie sahihi. Ndani walikuwa wameandika kwamba « amekiri upungufu ». Yeye alikuwa amesema kwamba ameusikia upungufu ule kwao. Akakataa, wakasahihisha. Kama wasingesahihisha, angeandika kwa mkono wake juu ya sahihi kwamba maneno yale hayakubali. Wamama, someni karatasi mpaka mstari wa mwisho hata kama wao wanaangalia saa.

Pamoja na hayo walimfukuza. Barua ilisema « faute lourde », yaani kosa zito, lile linalomtoa mtu siku ileile bila preavi. Ilifika karibu miezi miwili baada ya kuhesabu stoki, na hapo ndipo walipojikwaa. Sheria inampa mwajiri siku 15 za kazi, tangu alipojua jambo, kumwandikia mtu kwamba anamfukuza kwa kosa zito. Kama anataka kuchunguza kwanza, anaweza kumsimamisha, lakini amwandikie ndani ya siku 2 za kazi. Wao hawakumsimamisha. Aliendelea kufungua depo kila asubuhi, na ufunguo walimwachia. Mtu unayesema ni mwizi, unamwachiaje ufunguo?

Kabla ya kufika kwa hakimu ni lazima kupita kwa Inspekta wa Kazi wa mahali pale, ambaye anawaita pande zote mbili ili wapatane. Ukienda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Kazi, watakurudisha. Inspekta akisuluhisha, anaandika mapatano. Akishindwa, anaandika kwamba wameshindwa kupatana, na karatasi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Msikawie: madai ya mshahara ambao haukulipwa yanakufa baada ya mwaka 1, na madai mengine yanayotoka kwenye mkataba baada ya miaka 3.

Kwa inspekta, kampani ilikubali kuondoa neno la kosa zito na kulipa preavi. Hesabu yake kila mama anaweza kuifanya. Kwa mkataba usio na mwisho ni siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumika. Miaka 6 ni siku 42, jumlisha 14, zinakuwa 56. Wakamlipa mshahara wa siku 56, pamoja na likizo ambayo hakuichukua, na wakampa cheti cha kazi. Cheti hicho sheria inataka kitolewe ndani ya siku 2 za kazi baada ya kazi kuisha. Kinaonyesha kazi uliyofanya, tangu lini mpaka lini, na namba yako ya CNSS, wala hawana ruhusa ya kuongeza neno lingine.

Kazi yenyewe hakuirudia. Baadhi yetu tulitamani aende mahakamani, maana aliyefukuzwa bila sababu ya haki anaweza kurudishwa kazini, au kulipwa fidia inayoweza kufika mpaka mishahara ya miezi 36. Yeye aliangalia watoto wanne na pesa za masomo, akachagua kilichokuwa mezani. Hatumlaumu. Mashauri yanachukua muda, na sisi wa Katanga tunakumbuka familia za wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines mwaka 2003 na 2004, ambako ni wamama waliobeba nyumba kwa shamba na biashara ndogo. Lakini neno « mwizi » limetoka kwenye faili yake, na kwake hilo lilikuwa na uzito kuliko pesa. Wakati ule kuna watu waliokuwa wameanza kuficha sakoshi zao alipoketi karibu nao katika ibada.

Jambo moja kwa walio wajawazito. Mimba si sababu ya kufukuza mtu, wala kuzaa, wala kuolewa, wala kuwa na watoto wa kulea. Likizo ya uzazi ni wiki 14 mfululizo, na ndani ya wiki hizo mwajiri hawezi kuvunja mkataba. Bosi akianza ghafla kukuandikia barua za makosa madogo tumbo likiwa limeonekana, weka zote, na uandike tarehe uliyomjulisha mimba yako.

Na wale wanaosema « hayo ni ya wenye mkataba, mimi natumika kwa siku tu », wanaofagia biro, wanaopika kwenye kantini za kampani? Mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho, mpaka mwajiri ahakikishe vingine. Na mtumishi wa siku aliyetumika siku 22 ndani ya miezi miwili, wakimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, naye amekuwa mtumishi wa mkataba usio na mwisho. Bosi hatakuhesabia siku hizo. Nunua kaye ndogo, kila jioni andika tarehe, mahali, saa ya kuingia na kutoka, pesa uliyopewa na jina la aliyekupa. Iweke nyumbani, si kazini.