Rehani ya kinyume: Je, nyumba yaweza kumlisha mstaafu wa Subukia?

MSAFIRI anayetoka mjini Nakuru kuelekea Nyahururu, akishapita Bahati na kuteremka kwenye bonde la Subukia, huziona kando ya barabara nyumba za mawe zilizoezekwa kwa mabati ya rangi, kila moja katikati ya shamba lake la mahindi na maharagwe. Si chache miongoni mwazo ambazo ni matunda ya malipo ya kustaafu. Mwalimu, karani au askari alifanya kazi miaka thelathini au zaidi, akapokea fedha zake kwa mkupuo, kisha akazigeuza mawe na mabati kabla hazijamponyoka.

Tatizo huanza baadaye. Kwa mpango wa zamani wa pensheni ya serikali, mstaafu huruhusiwa kuchukua robo ya haki yake kwa mkupuo na kuendelea kulipwa sehemu iliyosalia kila mwezi maishani. Iwapo mkupuo umeishia ukutani, kinachobakia ni hicho cha kila mwezi, ambacho hakiongezeki kwa kasi ya bei ya unga, mbolea na dawa za shinikizo la damu. Ndipo hutokea mzee ambaye mali yake, ikikadiriwa na mthamini, ni ya mamilioni ya shilingi, ilhali mfukoni hana nauli ya kwenda hospitalini Nakuru.

Katika mataifa kadhaa, hali kama hiyo ilizaa mkopo wa aina ya pekee. Katika rehani ya kawaida, mkopaji hulipa benki kila mwezi hadi nyumba iwe yake. Katika huu wa wazee, benki ndiyo humlipa mwenye nyumba, ama kwa mkupuo ama kidogokidogo, naye huendelea kuishi mumo humo bila kurejesha hata senti. Deni hulipwa atakapofariki, atakapouza nyumba au atakapohama kabisa. Kwa kuwa mambo yote hupinduliwa, tuseme ni rehani ya kinyume.

Mkopo wa kwanza wa namna hiyo unaokumbukwa nchini Marekani ulitolewa mwaka wa 1961 katika mji wa Portland, jimbo la Maine. Meneja wa chama kidogo cha akiba, Nelson Haynes, alitafuta njia ya kumwezesha Nellie Young, mjane wa aliyekuwa kocha wake wa kandanda ya Kimarekani shuleni, asiihame nyumba yake. Haukuwa mpango wa taifa. Ulikuwa msaada kwa mtu anayefahamika. Sheria iliyoruhusu serikali kuu kuikatia mikopo hiyo bima ilitiwa sahihi na Rais Ronald Reagan mwanzoni mwa mwaka wa 1988, na tangu hapo Mmarekani aliyetimiza umri wa miaka 62 aweza kuomba.

Bima hiyo ndiyo moyo wa jambo lote. Mzee akiishi miaka mingi hata deni likapita thamani ya nyumba, hasara hubebwa na mfuko wa bima wala si na watoto wake. Aidha, mwombaji hulazimika kupata ushauri kutoka kwa mtu asiye wa benki kabla ya kutia sahihi. Hata hivyo, ni lazima aendelee kulipa kodi ya nyumba na bima ya moto na kuitunza nyumba isibomoke. Asipofanya hivyo, aweza kutolewa.

Je, mpango huo ungehamia Kenya? Jibu la kwanza limo katika hesabu ya riba. Maadamu mkopaji halipi chochote, riba ya mwaka huu huongezwa kwenye deni, na mwaka ujao riba hutozwa juu ya riba. Shilingi milioni moja zilizokopwa kwa riba ya asilimia 6 hufikia takriban Sh3.2 milioni baada ya miaka 20. Kwa riba ya asilimia 13, kiwango ambacho si kigeni kwa wakopaji wa Kenya, milioni hiyo huwa Sh1.84 milioni baada ya miaka mitano, Sh3.39 milioni baada ya kumi, Sh6.25 milioni baada ya kumi na mitano na zaidi ya Sh11.5 milioni baada ya ishirini.

Mstaafu wa miaka 60 atakayejaliwa kufika 80 atakuwa amekula shamba lote kwa milioni moja tu. Benki yenye hadhari ingeliona hilo mapema na kumpa fedha kidogo mno, pengine kiasi ambacho hakistahili usumbufu wa kumtafuta wakili.

Wapo watakaokumbusha kwamba Sheria ya Benki, katika kifungu cha 44A kilichoanza kutumika mwaka wa 2007, huzuia riba isipite kiasi cha deni la msingi. Ni kweli, lakini kinga hiyo hukusudiwa mikopo ambayo imekwisha kukwama, yaani mkopaji ameshindwa kulipa. Katika rehani ya kinyume hakuna aliyeshindwa kulipa, kwa kuwa hakuna aliyeahidi kulipa kila mwezi. Mzee hawezi kujificha nyuma ya kifungu hicho bila kwenda mahakamani kwanza.

Jibu la pili ni gumu zaidi, nalo ni la ardhi yenyewe. Mmarekani huweka rehani nyumba iliyo kwenye kiwanja kidogo mjini, ambako nyumba huuzwa na kununuliwa kila wiki. Mstaafu wa Subukia huweka rehani shamba. Nyumba yake ya mawe, hata ikiwa ilimgharimu Sh3 milioni, huenda isiongeze nusu ya kiasi hicho kwenye bei, maana mnunuzi huwa anatafuta udongo wala si sebule. Jambo hili huwauma wengi wanapoletewa ripoti ya mthamini.

Shamba nalo lina walinzi wake kisheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka wa 1967, ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa, kugawanywa wala kuwekwa rehani bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo husika. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, kifungu cha 79, inasema kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu ikiwa mume au mke anayeishi humo hakuridhia kwa maandishi. Mzee mwenye wake wawili, mmoja kila upande wa boma, asidhani kwamba sahihi ya mmoja itatosha.

Kuna pia historia ya hatimiliki zenyewe. Bonde hili lilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi Wazungu, na baada ya uhuru mashamba mengi ya Nakuru yalinunuliwa na wananchi kupitia vyama na kampuni, mojawapo ikiwa Ngwataniro iliyoongozwa na Kihika Kimani. Wanachama walipewa cheti cha hisa kwanza, na hatimiliki zikafuata miaka mingi baadaye, mara nyingine baada ya mwenye hisa kufariki. Hadi leo kuna familia zinazolima ardhi iliyo bado kwa jina la marehemu babu. Hakuna benki itakayokopesha juu ya jina la marehemu. Sharti urithi uamuliwe kortini kwanza.

Na tuseme yote hayo yamekamilika, mzee amekula fedha, amefariki na amezikwa. Wapi? Shambani mwake, karibu na mkewe na wazazi wake. Benki itamtuma dalali kuuza shamba lenye makaburi manne, lililozungukwa na majirani ambao ni ndugu wa marehemu. Atakayethubutu kulinunua hapo Subukia ni nani? Katika eneo ambalo ardhi imewahi kuzua umwagikaji wa damu, mnunuzi mgeni hufikiri mara mbili. Wenye benki hulijua hilo fika, hata wasipoliandika popote. Aidha wangedai bima, na mkata bima yeyote mwenye kumbukumbu hajasahau kwamba tetemeko kubwa zaidi kupimwa nchini, la ukubwa wa 6.9, lilitokea papa hapa Subukia mnamo Januari 6, 1928.

Uzoefu wa India wafaa kutazamwa. Mwaka wa 2007, Benki ya Taifa ya Nyumba ya huko ilianzisha rehani ya kinyume kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Waliojitokeza walikuwa wachache. Wazee hawakutaka kuwaachia watoto deni badala ya nyumba, na watoto hawakutaka kuonekana mbele za watu kuwa wameshindwa kuwatunza wazazi. Sababu zote mbili zingesikika katika kikao chochote cha ukoo nchini Kenya.

Uingereza ilipata funzo chungu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazee walishawishiwa kuweka nyumba rehani na kuziwekeza fedha hizo wapate mapato ya kila mwezi. Riba ilipanda, bei za nyumba zikaanguka, na wengi wakajikuta wakidaiwa kuliko walichonacho. Ndipo kampuni za mikopo zilipoungana mwaka wa 1991 na kukubaliana, pamoja na mengine, kwamba deni lisipite kamwe thamani ya nyumba.

Wafaransa wana mtindo wao wa kale ambao haukopeshi kabisa: mzee huuza nyumba kwa mtu anayemlipa kila mwezi hadi kifo. Mwaka wa 1965 wakili André-François Raffray aliafikiana na bibi wa miaka 90, Jeanne Calment, katika mji wa Arles, amlipe faranga 2,500 kila mwezi. Raffray alifariki mwaka wa 1995 akiwa hajaingia nyumbani humo, na mjane wake akaendelea kulipa hadi bibi huyo alipoaga dunia mwaka wa 1997 akiwa na miaka 122.

Nchini Kenya, ajabu ni kwamba serikali imejenga ngazi ya kupandia lakini si ya kuteremkia. Tangu mwaka wa 2009, kanuni za Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, humruhusu mfanyakazi kutumia hadi asilimia 60 ya akiba yake ya uzeeni kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Mwaka wa 2020 aliruhusiwa kuchukua asilimia 40 ya akiba hiyo, isiyozidi Sh7 milioni, na kununua nyumba moja kwa moja. Akiba yaingia nyumbani. Njia ya kuitoa humo bila kuuza haijatengenezwa. Asiye na pensheni kabisa hungoja hadi atimize miaka 70 ndipo afikiriwe kwa Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii.

Kwa hiyo mstaafu wa Subukia hubakia na njia za kawaida, nazo si za kudharauliwa. Ya kwanza ni kukodisha sehemu ya shamba kwa msimu, kwa mkataba wa maandishi unaotaja ekari, muda na tarehe ya malipo. Mkodishaji wa viazi au nyanya hulipa kabla ya kupanda, na ardhi haitoki mkononi. Ya pili ni kukata ekari moja na kuiuza angali hai na mwenye nguvu, kwa ridhaa ya mke na kwa idhini ya bodi, badala ya kungoja ugonjwa ulazimishe bei ya kutupa. Ya tatu, kwa ambaye hajastaafu, ni kujenga vyumba viwili pungufu na kuiacha sehemu ya mkupuo katika chama cha akiba na mikopo.

Jambo la kuogopwa ni mtu anayekuja na pesa taslimu na kuomba "kuhifadhi" hatimiliki hadi deni lilipwe. Mkopeshaji halali husajili rehani yake katika afisi ya ardhi ya Nakuru, na asipolipwa, Sheria ya Ardhi humtaka atoe ilani ya siku 90 na baadaye nyingine ya siku 40 kabla ya mnada. Anayezificha karatasi kabatini hutaka kuviepuka vipindi hivyo viwili. Ombi la kukagua rejista ya ardhi hulipiwa ada ndogo, na matokeo yake huonyesha iwapo kuna jina jingine lililokwisha kuandikwa juu ya shamba la mzee.