Kichomi Baada ya Homa ya Mapafu

Leo twaeleza jambo linalowatia wengi hofu: homa imekwisha, mgonjwa amerudi kwenye migomba yake, lakini kifua bado chauma.

Watu huita kila maumivu ya kifua kichomi, na hapo ndipo wanapochanganya. Mtu akikohoa siku nyingi, misuli iliyo kati ya mbavu huchoka kama mikono ya aliyelima mchana kutwa. Bonyezeni kwa kidole mahali panapouma. Pakizidi kuuma, mara nyingi ni misuli hiyo, nayo hupona kwa siku kadhaa, pengine majuma machache. Asibebe mikungu ya ndizi kwanza, wala asikae katika moshi wa jikoni, maana humrudishia kikohozi.

Lakini ngozi nyembamba inayofunika mapafu ikiugua, huchoma mtu avutapo pumzi ndefu. Huyo aonwe na mganga wa zahanati. Na homa ikirudi, au akihema hali amekaa tu, akikohoa damu, mguu mmoja ukivimba, au kifua kikimbana katikati na maumivu kushuka mkononi, msingoje kuche: mpelekeni hospitali iliyo karibu, iwe Nyakahanga au Isingiro.

Kikohozi kikifika majuma mawili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo hicho na dawa zake havilipiwi. Dawa zenyewe kwa kawaida humezwa miezi sita, hata kama nguvu zimerudi mwezi wa kwanza.