Kurejea Pwani kwa Usalama: Namna ya Kuivusha Kayaki ya Uvuvi Katika Mawimbi Yanayovunjika

Uvuvi wa burudani kwa kutumia kayaki unazidi kuwavutia wakazi na wageni wa mwambao wetu. Chombo hiki ni chepesi, hakihitaji mafuta, na mtu mmoja anaweza kukibeba juu ya gari na kukishusha ufukweni. Hata hivyo, watumiaji wengi hujifunza namna ya kuondoka pwani na namna ya kuvua, lakini hawajifunzi namna ya kurudi. Sehemu yenye hatari kubwa katika safari nzima mara nyingi ni mita chache za mwisho, mahali mawimbi yanapovunjika, ilhali mvuvi amechoka, amebeba samaki na anaiona nchi kavu mbele yake.

Makala haya yanaeleza sababu za hatari hiyo, hatua za kufuata wakati wa kutua, na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyakagua kabla ya kununua au kukodi kayaki.

Kwa nini wimbi huvunjika

Wimbi linalosafiri katika maji ya kina kirefu huinua na kushusha chombo bila madhara makubwa. Linapokaribia ufuo, sehemu yake ya chini huzuiwa na sakafu ya bahari, nayo sehemu ya juu huendelea mbele hadi ikaanguka. Kwa kawaida wimbi lenye urefu wa mita 1 huanza kuvunjika linapofika kwenye kina cha takriban mita 1.3. Kwa hiyo mstari wa povu jeupe unaouona ukiwa baharini unakuonyesha mahali maji yanapopungua kina.

Umbo la ufuo nalo lina athari. Kwenye ufuo wa mteremko mdogo, wimbi humwagika taratibu na nguvu zake hupungua njiani. Kwenye ufuo wenye mteremko mkali, wimbi huanguka kwa kishindo karibu kabisa na mchanga, na kumwachia mvuvi nafasi ndogo ya kujirekebisha. Ufuo wa kwanza ndio unaofaa kwa kutua.

Mawimbi pia huja kwa makundi. Baada ya mawimbi makubwa kadhaa hufuata kipindi cha utulivu kiasi. Mvuvi asiyesubiri kuujua mpangilio huo huingia eneo la hatari kwa kubahatisha.

Msimu, upepo na maji

Katika pwani ya Tanzania, upepo wa kusi ndio unaotawala katikati ya mwaka, na mara nyingi huichafua bahari iliyo wazi. Fukwe zisizokingwa vizuri na mwamba, kama zile za kusini mwa Kigamboni kuelekea Kimbiji na Ras Kutani, hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka Bahari ya Hindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa umma inapotarajia upepo mkali na mawimbi makubwa, kwa mfano upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Siku ya tahadhari ya namna hiyo si siku ya kutoka na kayaki.

Kupwa na kujaa kwa maji kunahitaji uangalifu wa pekee. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa katika pwani yetu inaweza kukaribia mita 4. Katika maeneo yenye mwamba, kama upande wa mashariki wa Unguja, maji yakipwa mawimbi huvunjikia mwambani mbali na nchi kavu, na njia ya kuingia hubaki kuwa ile milango wanayoitumia wavuvi wa ngalawa. Maji yakijaa, baadhi ya mawimbi huvuka mwamba na kuvunjikia ufukweni. Ufuo ulioondokea asubuhi ukiwa shwari unaweza kuwa na hali tofauti kabisa saa 6 baadaye. Kabla ya kuondoka, panga saa ya kurudi kwa kuzingatia jedwali la maji, na uwaulize wavuvi wa eneo hilo mlango uko wapi na unapitika wakati gani.

Kabla ya kuingia eneo la mawimbi

Simama nje ya mstari wa povu na uchukue hatua zifuatazo.

1. Tazama bahari kwa dakika 10 au zaidi. Hesabu mawimbi makubwa katika kila kundi na upime urefu wa kipindi cha utulivu. Kumbuka kwamba ukiwa upande wa bahari unaona mgongo wa wimbi tu, hivyo wimbi huonekana dogo kuliko lilivyo.

2. Funga kila kitu. Laza fimbo za kuvulia, toa ndoana kwenye mishipi na uzihifadhi ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Deli la barafu, kisu na nanga vifungwe imara. Kitu chochote kilicholegea huweza kumpiga au kumnasa mvuvi kayaki inapopinduka.

3. Usijifunge kwenye chombo. Kamba inayounganisha kafi na kayaki ni msaada katika maji tulivu, lakini katika mawimbi inaweza kuzunguka mguu au shingo. Iondoe kabla ya kuingia.

4. Pandisha usukani. Kama kayaki yako huendeshwa kwa kukanyaga, pandisha pia mapezi yaliyo chini yake, kwani yakigonga mchanga au mwamba huvunjika na kukisimamisha chombo ghafla.

5. Kaza jaketi okozi na ufunge vifungo vyote. Vaa viatu, na kofia ngumu ikiwa eneo lina mawe au mwamba.

Namna ya kutua

Elekeza omo moja kwa moja ufukweni. Subiri kundi la mawimbi makubwa lipite, kisha ufuate mgongo wa wimbi la mwisho kwa kupiga kafi kwa nguvu. Lengo ni kubaki nyuma ya wimbi hilo. Watumiaji wengi hudhani kwamba ni vyema kubebwa na wimbi hadi mchangani. Kayaki ya uvuvi ni pana na nzito, na haikuundwa kwa mchezo huo. Ikiteleza kwenye uso wa wimbi, omo huweza kuzama mbele na tezi kunyanyuka, au chombo hugeuka kikakaa mkingamo na kupinduka.

Wimbi jingine likikukaribia kutoka nyuma, piga kafi kinyumenyume ili kupunguza mwendo, egemea nyuma kidogo, uliache lipite chini yako, kisha uendelee mbele nyuma yake.

Kayaki ikikaa mkingamo, egemea upande wa bahari, yaani upande linakotokea wimbi, na uweke kafi juu ya povu upande huohuo. Silika ya mwili ni kuegemea upande wa nchi kavu ili kulikimbia wimbi. Ukifanya hivyo, wimbi litaiinua kayaki kutoka upande wa pili na kukupindua mara moja.

Maji yakifika magotini, shuka upesi kwa upande wa bahari, shika mpini wa omo, na uivute kayaki juu ya mchanga kabla ya wimbi linalofuata. Usisimame kuhesabu samaki ndani ya maji.

Ukipinduka

Kanuni moja ni muhimu kuliko nyingine zote: usikae kamwe kati ya kayaki na nchi kavu. Kayaki iliyoingiwa na lita 150 za maji huongezewa uzito wa zaidi ya kilo 150, na wimbi likiisukuma kwa kasi huweza kuvunja mguu au kumgandamiza mtu kwenye mchanga. Baki upande wa bahari. Ukiweza, shika mpini wa tezi huku mwili wako ukiwa nyuma ya chombo, ukiacha mawimbi yakisukume kwenda ufukweni. Ukiona chombo kinakuvuta au kinakuzunguka, kiachilie. Fimbo, samaki na kayaki yenyewe ni mali inayoweza kupatikana tena.

Ukijikuta unavutwa na mkondo unaorudi baharini, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake, kisha ugeukie nchi kavu.

Wakati wa kutotua

Mvuvi halazimiki kutua mahali alipoondokea. Kama mawimbi yamezidi uwezo wako, elekea mlango, ghuba au bandari ndogo yenye kinga, au usubiri maji yabadilike ikiwa una nguvu, maji ya kunywa na mwanga wa kutosha. Ndiyo sababu tunashauri kurudi saa kadhaa kabla ya jua kutua, na kumwachia mtu aliyeko nchi kavu taarifa ya mahali unapokwenda na saa utakayorudi. Beba filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopenyeza maji. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mwenye redio ya bahari atumie chaneli ya 16.

Kabla ya kununua au kukodi

Mtumiaji anashauriwa kukagua mambo yafuatayo mbele ya muuzaji au mkodishaji:

- Uzito unaoruhusiwa. Jumlisha uzito wako, vifaa, barafu na samaki unaotarajia kuwapata. Kayaki iliyojazwa hadi kikomo chake hukaa chini majini na huwa nzito kugeuka.
- Vifuniko na vizibo. Viwe vyote vipo na vinakaza. Baada ya safari ya majaribio, fungua kizibo uone kama maji yameingia ndani ya kiunzi.
- Matundu ya kutolea maji kwenye sakafu yasiwe yamezibwa au kupasuka pembeni.
- Mipini ya omo na tezi iwe imara.
- Jaketi okozi liwe la kipimo chako, lisilochanika. Mkodishaji asiyekuwa nalo asikupe chombo, nawe usikikubali.

Dai risiti ya kielektroniki na, kwa kukodi, masharti yaliyoandikwa yanayoeleza nani atawajibika chombo kikiharibika. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mtumiaji dhidi ya maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. Aliyeuziwa kayaki kwa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu uwezo wake anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, akiambatisha risiti na picha.

Mwisho, jizoeze. Chagua siku tulivu, ufuo wa mchanga wenye mteremko mdogo na mawimbi yasiyofika magotini. Nenda na mwenzako, acha fimbo nyumbani, na urudie kutua, kupinduka na kushuka upande wa bahari mpaka mwili uzoee. Mafunzo hayo ya asubuhi moja yatakusaidia siku ambayo bahari haitakupa muda wa kufikiri.