Star Trek: Wanaoipenda Zaidi Ndio Wanaoilaumu Zaidi

Tarehe 8 Septemba 1966, Kenya ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru, kituo cha televisheni cha NBC nchini Marekani kilianza kuonyesha tamthilia mpya ya safari za anga za juu. Katika kipindi hicho cha kwanza mna kiumbe chenye uwezo wa kugeuza sura. Kinamfuata afisa wa mawasiliano wa meli, mwanamke mweusi, kikiwa kimejivika sura ya kijana mtanashati mweusi kama yeye, kisha kinaanza kumtongoza kwa Kiswahili. Naam, Kiswahili. Kimepindapinda, na mtu wa Mji wa Kale itabidi asikilize mara mbili tatu, lakini ni Kiswahili. Jina la mwanamke huyo ni Uhura, na tamthilia yenyewe ni Star Trek.

Nimelikumbuka hilo likizo iliyopita, binti wa ndugu yangu alipokuwa kwetu. Yuko kidato cha tatu, na anaifuata Star Trek kwenye simu kama sisi tulivyokuwa tukifukuzia kanda za video za kukodi mtaani miaka ya 1990. Usiku mmoja baada ya Isha alikuwa akisoma mabishano ya mashabiki, akaniuliza: "Ami, hawa watu wanaipenda hii kitu ama wanaichukia? Kila mmoja analalamika."

Nikamwambia jibu lake ni refu, na bora nilikalie chini niliandike.

Kwanza tuondoe mkanganyiko, kwa sababu barazani kwetu watu husema Star Trek wakimaanisha Star Wars. Star Wars ilianza mwaka 1977. Hiyo ni ngano ya wafalme, mabinti wa kifalme na panga za mwanga. Nayo ina kipande chake cha Kenya: katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, yule rubani mwenye mashavu ya kuning'inia, Nien Nunb, anazungumza Kigikuyu, kwa sauti ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani. Star Trek ni kitu kingine. Ni meli iitwayo Enterprise, katika karne ya 23, inayozunguka kutafuta sayari zisizojulikana. Dunia imeshamaliza njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mataifa na viumbe vya sayari mbalimbali vimeungana katika Shirikisho. Mabaharia wake wanatakiwa kuzungumza kwanza, silaha baadaye. Aliyeibuni ni Gene Roddenberry.

Mashabiki wakiulizwa walichopenda, wengi huanza na chumba cha usukani cha meli ile. Kumbuka ni mwaka gani. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa na ajira ilikuwa imepitishwa Marekani mwaka 1964 tu. Vita vya Vietnam vilikuwa vinawaka, na Marekani na Warusi walikuwa wameelekezeana makombora. Ndani ya Enterprise, nahodha ni Mmarekani, lakini usukani umeshikwa na Sulu, mwenye asili ya Asia. Mwigizaji wake, George Takei, alipokuwa mtoto alifungwa kambini na familia yake na serikali ya Marekani kwa kosa la kuwa na asili ya Japani. Msimu wa pili akaongezwa Chekov, kijana wa Kirusi. Msaidizi wa nahodha ni Spock, nusu mtu nusu kiumbe wa sayari ya Vulcan. Na kwenye mawasiliano kuna Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Hakuna anayewaeleza watazamaji kwa nini wote wamo mle. Wamo tu, kazini.

Nichols alisimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha. Kisha akakutana na Martin Luther King kwenye hafla, akamwambia mpango wake, na King akamsihi abaki, kwa sababu watu walikuwa wanamwona mwanamke mweusi akiwa afisa na si mtumishi wa jikoni. Akabaki. Mwaka 1977 alianza kufanya kazi na NASA kutafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na Sally Ride, Mmarekani wa kwanza mwanamke kwenda anga za juu, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika huko, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimpa hamu hiyo tangu utotoni.

Hapo sasa ndipo lawama inapozaliwa, palepale kwenye sifa.

Ukiziangalia zile tamthilia za mwanzo leo, vipindi 79 vya misimu mitatu, utaona Uhura ana kiti lakini hana kazi kubwa. Anafungua mawasiliano, anapokea salamu, anageuka na kumtazama nahodha. Nichols mwenyewe alilalamika kwamba maneno aliyoandikiwa yalikuwa yakikatwa. Kuna kipindi cha 1967 ambapo mashine inamfuta kumbukumbu yote, ikabidi afundishwe kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Anapokwama anaropoka Kiswahili, na muuguzi anamwambia arudi kwenye Kiingereza. Kisha mambo yanakwenda kana kwamba hakuna aliyepoteza chochote. Misimu mitatu yote ilipita bila yeye kupewa jina la kwanza. Jina la Nyota alilipendekeza mwandishi mmoja wa vitabu mwaka 1982, na halikutamkwa rasmi kwenye filamu mpaka mwaka 2009. Nyota Uhura. Kwa Wamarekani ni jina zuri la kigeni. Sisi tunasikia nyota na uhuru.

Na hata hilo la pili lina kisa. Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya ya miaka ile ya mwisho ya mkoloni. Roddenberry akalipenda neno, lakini likaonekana gumu kwa jina la mwanamke, wakalilainisha likawa Uhura. Neno ambalo watu walilifia msituni likapunguzwa makali ili liteleze mdomoni. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba shabiki anayelalamikia nafasi ya Uhura anaweza kuanzia kwenye jina lenyewe.

Mashabiki hawa wana sauti kubwa kwa sababu wanajiona wenye mali. Tamthilia ilipovumishiwa kufutwa katika msimu wa pili, watu walimwaga barua kwa NBC, wakiongozwa na mashabiki wawili, Bjo Trimble na mumewe John, mpaka kituo kikatangaza hewani kwamba itarudi. Ilirudi, ikawekwa saa nne usiku wa Ijumaa, vijana wakiwa matembezini, na mwaka 1969 ikafutwa kweli. Lakini vituo vidogo viliirudia miaka ya 1970 na umati ukakua. Mwaka 1976 barua za mashabiki zilifanya chombo cha majaribio cha NASA kiitwe Enterprise. Mtu aliyechangia matofali ya madrasa huuliza hata rangi ya mlango. Ndivyo walivyo.

Mwaka 1987 ikaja The Next Generation, na hiyo ndiyo tuliyoijua sisi wa kanda za kukodi. Nahodha Picard ni mtu wa chai na vitabu. Fundi mkuu ni Geordi La Forge, kipofu anayeona kwa kifaa, aliyeigizwa na LeVar Burton, yule yule tuliyemjua kama Kunta Kinte. Katika hadithi, wasifu wake unasema alizaliwa Mogadishu. Fikiria hilo, Mogadishu ya karne ya 24 inatoa mafundi wa meli za anga.

Lakini msimu huo huo wa kwanza ulitoa kipindi kiitwacho Code of Honor, ambamo watu wa sayari nzima ni weusi, wamevaa mavazi ya kubuni ya "Kiafrika", na kiongozi wao anamteka mwanamke mzungu. Waigizaji wenyewe wamekishutumu baadaye. Kwa tamthilia nyingine kingekuwa upuuzi wa kawaida wa enzi ile. Kwa Star Trek ni aibu, kwa sababu ndiyo iliyotuambia ubaguzi umeshaisha.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwaka 1991, Darmok. Picard anakutana na watu wanaozungumza kwa kutaja visa vyao tu. Mashine ya kutafsiri inatoa maneno yote sawasawa, lakini maana haitoki, kwa sababu huwezi kujua msemaji anakusudia nini kama hujui kisa cha mtu anayetajwa. Nahodha wa upande wa pili anamchukua Picard kwa nguvu hadi kwenye sayari yenye mnyama mkali, ili wapigane bega kwa bega na hivyo wapate kisa chao wawili. Anakufa yeye, Picard akiwa ndiyo kwanza ameanza kumwelewa.

Wazungu walikiona kama fumbo la ajabu. Mimi nilikiangalia nikacheka, maana nimelelewa na nyanya ambaye angeweza kugombana na jirani wiki nzima bila kutamka neno, kwa kubadilisha kanga tu. Mpe mgeni kamusi, aisome kanga yote herufi kwa herufi, na bado hatajua ni nani aliyetukanwa. Waandishi wa Hollywood walidhani wamebuni viumbe vya mbali sana.

Wakosoaji wana hoja yao hapo pia, na ni nzuri: watu wasiozungumza ila kwa kutaja visa, watoto wao hufundishwa visa hivyo kwa lugha gani? Na wanaagizaje misumari ya kujengea meli? Sina jibu. Na hilo ni sehemu ya lalamiko kubwa zaidi, kwamba viumbe wa Star Trek karibu wote ni watu waliobandikwa matuta kwenye paji la uso, wote wanaongea Kiingereza safi, na sayari nzima ina tabia moja. Klingon ni wapiganaji, Ferengi ni wachuuzi wabahili, basi. Ingawa hao Klingon angalau walitungiwa lugha kamili na mtaalamu wa isimu, Marc Okrand, na kamusi ikatoka mwaka 1985.

Deep Space Nine, ya 1993 hadi 1999, ndiyo iliyowagawa mashabiki kabisa. Kiongozi ni Benjamin Sisko, mtu mweusi wa kwanza kuwa mhusika mkuu wa tamthilia ya Star Trek, baba anayemlea mwanawe peke yake. Daktari ni Julian Bashir, aliyeigizwa na Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan. Kwetu sisi, kumsikia mtu aitwaye Bashir akiwa daktari anayeheshimiwa wala si gaidi wa kulipua ndege, hilo peke yake lilitosha kukodi kanda. Lakini Bashir haswali, hafungi, hataji lolote. Roddenberry aliamini dini za wanadamu zitakuwa zimeachwa nyuma, na ingawa tamthilia hii iliwapa watu wa sayari ya Bajor imani nzito, wa Dunia walibaki watupu. Huo ni upungufu wa kuwaza, kwa maoni yangu. Miaka mia tatu si mingi hivyo. Misikiti ya pwani hii imeona mingi zaidi.

Tamthilia hiyo pia ilileta vita. Katika kipindi kimoja cha 1998 Sisko anadanganya na kufumbia macho mauaji ili kuvuta taifa jingine upande wake. Wengine walisema ahadi imevunjwa, kwani Star Trek si ya watu wa namna hii. Wengine, nami nimo, tunaona hapo ndipo ahadi ilipojaribiwa. Ni rahisi kuwa mwema kwenye meli ambayo haijawahi kukosa kitu.

Voyager na Enterprise nitazipita haraka. Ya kwanza ilimpa mwanamke unahodha, lakini meli iliyopotea mbali na nyumbani ilikuwa kila wiki inang'aa kama imetoka gereji. Filamu za kuanzia 2009 zina mbio na milipuko, na ya mwaka 2013 ilimpa Mwingereza mzungu nafasi ya Khan Noonien Singh. Jina la Singh tunalijua Mombasa, na halifanani na uso ule.

Kisha Discovery, mwaka 2017, na hapa msomaji wangu uwe makini. Kuna wanaosema machozi ni mengi, na kwamba mtu mmoja hawezi kuokoa ulimwengu kila msimu. Hayo ni malalamiko ya haki, hata mimi ninayo. Lakini kuna waliokasirika kabla ya kuona hata kipindi kimoja, kwa sababu mhusika mkuu ni mwanamke mweusi. Hao wanadai kutetea Star Trek ya zamani. Basi sijui ile ya zamani waliiangalia wakiwa wamefumba jicho lipi, lisione Uhura.

Nichols alifariki Julai 2022. Mwaka huo huo Strange New Worlds ilianza, na humo Uhura ni binti Mkenya, yatima, anayejua lugha 37, na meli inaokolewa kwa sababu yeye anatambua kwamba kimondo kinawasiliana kwa muziki. Safari hii kiti kina kazi.

Siku ya mwisho ya likizo nilimwekea binti wa ndugu yangu kile kipindi cha kwanza cha 1966. Alikuwa ameshaanza kusinzia, rangi zile za zamani zikimchosha. Kiumbe kikamsogelea Uhura, kikafungua mdomo. Akaamka, akakaa kitako, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Ami! Hii si Kiswahili hii!"

"Ni Kiswahili."

"Nani alimfundisha?" Akacheka mpaka mamake akaja kuuliza kuna nini. Kisha akaweka kipindi cha pili.