Betri Iliyokufa Haiamshwi

Swali ninaloulizwa kuliko yote katika karakana yangu hapa Kawangware, Nairobi, na ambalo nimelijibu mara nyingi hata ulimi umechoka, si juu ya bei ya pikipiki ya umeme, wala juu ya mwendo wake, wala juu ya mvua, bali ni hili: "Fundi, waweza kuniamshia betri?" Anayeuliza huwa amekwisha kutoa fedha zake. Aghalabu ni kijana wa bodaboda aliyekaa katika orodha ya wanaongoja miezi mitatu au minne, akaahidiwa wiki ijayo, kisha mwisho wa mwezi, kisha akaambiwa shehena iko njiani; na subira ilipomwishia akashuka mjini, akaingia vichochoro vya nyuma ya Kirinyaga Road, akaonyeshwa katika bohari moja pikipiki mpya kabisa, ambayo nailoni ya kiti haijatolewa bado, na muuzaji akamwambia kuwa betri yake imelala kidogo tu na kwamba fundi yeyote ataiamsha kwa dakika tano. Bei ilikuwa imepunguzwa, naye akalipa.

Wa mwisho kunijia kwa kadhia hii aliisukuma pikipiki yake kwa miguu kutoka mjini, akapanda nayo Valley Road, akashika Ngong Road hadi Dagoretti Corner, akaingia Naivasha Road na jasho likimtiririka, ilhali alikuwa akisukuma chombo alichoambiwa kitampunguzia gharama. Niliifungua betri mbele yake, kwa kuwa nataka kila mtu aone kwa macho yake. Kibandiko kilionyesha kuwa ilitengenezwa miaka miwili na zaidi kabla ya siku aliyoinunua. Ilikuwa betri ya volti 72, yenye mafungu 20 ya seli yaliyofungwa kwa mfululizo. Betri ya namna hiyo ikijaa hufika volti 84, na ikitumika hadi mwisho wake wa haki haipaswi kushuka chini ya 60. Mita yangu ilisoma 22. Nilipoligusa fungu moja baada ya jingine, mafungu 15 yalisoma volti 1.3, matatu yakasoma 0.8, na mawili yalikuwa karibu na sifuri. Kijana akazitazama namba hizo, akaniambia kwa upole, "Mzee, si uiunganishe tu na betri ya gari kidogo ishtuke?"

Kabla sijaeleza kwa nini nilikataa, ni haki kwanza niseme imekuwaje mtu mwenye akili timamu akanunua kitu cha namna hiyo, maana sikubali kwamba wanunuzi hawa ni wapumbavu. Mwaka 2023 sheria ya fedha iliziondolea pikipiki za umeme mzigo wa kodi ya ongezeko la thamani. Mwezi Septemba mwaka huo huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi, na Rais William Ruto akazindua pikipiki za umeme huko Mombasa. Basi watu wengi wakazitaka kwa wakati mmoja. Walakini ndio wakati ambapo dola ziliadimika nchini, hata Januari 2024 shilingi ikawa imepita 160 kwa dola moja, na mwagizaji aliyekuwa akileta pikipiki mia kwa mtaji wake akawa hamudu kuleta idadi ile ile.

Hata hivyo, pikipiki yenyewe si kitu kigumu kupatikana. Fremu, magurudumu, taa na mota huweza kuunganishwa hapa hapa, na kampuni ya Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus, ina kiwanda chake Nairobi. Kinachozuia ni betri. Seli zake hutoka Asia, na sheria za usafiri wa baharini huzihesabu betri za lithiamu kuwa shehena ya hatari, yenye vipimo na stakabadhi zake mahususi, kiasi kwamba kontena lililokosa karatasi moja hubaki bandarini merikebu ikiondoka. Tena katika utaratibu wa kubadilisha betri vituoni, ambao kampuni ya Ampersand iliuanzia Kigali kabla ya kuja Nairobi, na ambao Spiro pia huufuata, kila pikipiki moja iliyo barabarani yahitaji zaidi ya betri moja, kwa kuwa moja iko chini ya mwendeshaji na nyingine lazima iwe kituoni ikichajiwa kumngoja. Kwa hiyo mwenye kulia kwamba pikipiki zimeadimika analia kwa jina lisilo lake. Na hapa ndipo msomaji angepaswa kushtuka mwenyewe bila kuambiwa: ikiwa betri ndizo zilizoadimika, je, ile pikipiki inayotoka bohari leo hii, ilhali wenzako wote wanangoja, betri yake imetoka wapi, na imekaa huko muda gani?

Jibu ni kwamba ilikaa bila kuchajiwa tangu ilipotengenezwa. Betri hizi hupakiwa melini zikiwa hazijajaa, kwa sababu ya usalama, na ndani ya kila moja mna ubao mdogo wa ulinzi, ambao mafundi huuita BMS, unaozichunga seli usiku na mchana na kujilipa ujira wake kutoka katika seli hizo hizo. Ujira huo ni mdogo mno. Lakini mdogo ukitolewa kila saa kwa miaka miwili, pasipo mtu wa kuichaji betri walau mara moja kila miezi mitatu, huimaliza betri nzima. Na ikifika hapo ubao wa ulinzi hufunga mlango, chaja ikachomekwa isipokelewe, taa isiwake, na muuzaji akasema imelala.

Haikulala. Neno hili "kuamsha" ndilo mzizi wa fitina, na asili yake ni gari. Mafundi wetu wamelelewa na betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, nao wameona mara elfu jinsi matatu iliyokataa kuwaka asubuhi inavyowekewa nyaya mbili nene kutoka kwa gari la jirani, ikawaka, ikaenda zake. Wakasema betri imeamshwa. Walakini tazama kwa makini kilichotendeka pale: betri ya jirani iliizungusha injini, injini ikawaka kwa petroli, na jenereta iliyofungwa kwenye injini ikaanza kuichaji betri ya mwenye gari polepole njiani. Kilichoamshwa ni injini. Betri haikuamshwa wakati wowote. Ilikopeshwa nguvu kwa dakika mbili, kisha ikalishwa kwa saa nzima. Pikipiki ya umeme haina injini ya kuwaka wala jenereta ya namna hiyo, hivyo hata hekima ile ya gari, ambayo yenyewe haikueleweka vyema, haina mahali pa kusimama hapa.

Sasa niseme linalotokea ndani, kwa kuwa pasipo kulijua mtu ataona ninamkatalia kwa uvivu. Ndani ya kila seli ya lithiamu mna karatasi mbili za madini zilizokunjwa pamoja, moja ya alumini na moja ya shaba, na kati yake utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, vyote vikiwa vimelowa katika kimiminika. Maadamu seli ina nguvu zake za kutosha, ile shaba hukaa salama mahali pake. Seli ikimalizika kupita kiasi, shaba huanza kuyeyuka na kuingia katika kile kimiminika, chembe kwa chembe, bila joto, bila sauti na bila harufu. Mtu akija akalazimisha umeme kuingia tena, shaba ile iliyoyeyuka haitarudi ilikotoka. Itaganda popote inapopata, kwa vipande na vijiti vidogo, na baadhi yake vitaugusa ule utando na kuutoboa. Hapo ndipo pande mbili zilizotengwa na kiwanda kwa uangalifu mkubwa hukutana zenyewe kwa zenyewe, shoti ndani ya seli, mahali ambapo hakuna fyuzi wala swichi iwezayo kufika.

Na yule aishtuaye betri hiyo kwa betri ya gari, au kwa mashine ya kulehemu kama nilivyosikia kuwa wengine hufanya, hutenda kosa la pili juu ya la kwanza, kwa sababu sharti aupite ubao wa ulinzi kwa waya wa pembeni ili umeme uingie. Yaani humfukuza mlinzi, kisha huvunja mlango.

Najua hoja itakayoletwa, maana huletwa kila siku: "Fundi fulani aliiamsha betri ya binamu yangu, ikapokea chaji, na pikipiki ikatembea." Sikatai kwamba ilitembea. Taa kuwaka si dalili ya uzima. Ni dalili tu kwamba volti zimepanda, na volti hupanda hata katika seli iliyotobolewa, kwa muda. Betri moja iliyoamshwa ililetwa kwangu baada ya wiki tatu, ikiwa imevimba ubavu kama mkate uliozidi hamira, na nilipoiweka juu ya meza ya saruji usiku kucha, isiyounganishwa na chochote, ilikuwa na joto la mkono wangu asubuhi. Betri isiyofanya kazi haina sababu ya kuwa na joto. Na pikipiki ile ilikuwa ikilala chumbani, kwa sababu huku Kawangware na Kangemi mwenye chumba kimoja hawezi kuiacha nje akaikuta asubuhi, hivyo huiingiza ndani, huiegemeza mlangoni, kisha hulala yeye na mkewe na watoto upande wa pili wa chombo hicho. Sasa niambie, ndugu msomaji, hao watatokea wapi ikishika moto?

Kwa insafu niongeze haya. Seli iliyoshuka kidogo tu chini ya kipimo, na haikukaa hivyo siku nyingi, huweza kurudishwa na chaja maalumu iingizayo umeme kidogo kidogo huku kila fungu likipimwa. Hiyo ni kazi ya mwenye vifaa, nayo huchukua saa nyingi. Lakini iliyoshuka chini ya volti 1.5 kwa kila seli na ikakaa hivyo kwa wiki nzima au zaidi, hiyo haichajiwi hasilani. Kadhalika zile betri za fosfeti ya chuma, ambazo wauzaji husifu kuwa haziwaki moto, ni kweli zina utulivu zaidi kuliko zile za nikeli. Walakini nazo zina karatasi ya shaba, na shaba yake huyeyuka vile vile.

Ama kuhusu la kufanya, nitasema kwa haraka kwa kuwa si mengi. Ukiweza kungoja, ngoja, walakini arbuni iwe ndogo, ilipwe kwa akaunti ya kampuni na si kwa simu ya mtu binafsi, na risiti iandikwe tarehe ya kukabidhiwa na sharti la kurudishiwa fedha tarehe hiyo ikipita. Usipoweza kungoja, tafuta pikipiki ya kubadilisha betri, ambayo betri yake si mali yako wala si mzigo wako, lakini kwanza hesabu vituo vilivyo katika njia zako za kila siku, maana mwenye kufanya kazi Kinoo na Uthiru hafaidiwi na vituo kumi vilivyo upande wa Embakasi. Ukishikilia kununua ya bohari, nenda na mita ndogo ya volti, zinauzwa Luthuli Avenue, uzipime volti kabla ya kutoa shilingi, uzigawe kwa idadi ya mafungu. Fungu la nikeli likiwa chini ya 3, au la fosfeti chini ya 2.5, ondoka. Soma tarehe ya kutengenezwa kwa betri, si ya pikipiki. Dai chaja yake yenyewe. Jaribu kuiendesha kuelekea magharibi, si mashariki, kwa kuwa toka katikati ya mji hadi Kikuyu ardhi hupanda zaidi ya mita 300, na betri dhaifu hujifichua hapo. Ikiwa pikipiki yako ya petroli bado inakupatia riziki, iendeshe miezi miwili zaidi, si aibu. Na usinunue betri iliyoshonwa kwa seli za kompyuta kuukuu.

Yule kijana nilimwandikia vipimo vyote kwenye karatasi, pamoja na tarehe ya kibandiko, nikamwambia airudishe kwa aliyemuuzia na adai betri nyingine au fedha zake. Hakufurahi. Alitaka dakika tano.

Wewe uliyekwisha kuamshiwa betri, nayo iko nyumbani wakati usomapo haya, itoe nje leo kabla ya kulala, uiweke juu ya saruji au udongo mtupu, mbali na mlango, mbali na nguo na mkaa, na usiichaji tena.